Mtu Aliyetulia Kuliko Wote Ghalani

Sun-rye alikuwa jikoni anachambua soya zilizochipua mumewe alipoingia, akanawa mikono, akamwambia kwamba amekufa mchana ule kazini, kati ya rafu za chakula cha paka.

"Ulikuwa umekula?" Sun-rye akauliza.

"Bado."

Akamgusa shavu. Lilikuwa baridi. Akalia, amemshika ule mkono wenye bangili ya kampuni.

Kila mfanyakazi wa ghala lile la mjini Icheon huvaa bangili. Bangili hiyo husikiliza mapigo ya moyo na kupeleka habari kwenye mtambo unaogawa kazi. Kanuni ni moja: moyo ukienda mbio, mtu anapunguziwa mizigo, ukitulia, anaongezewa. Mchana ule moyo wa Chun-sik, mumewe Sun-rye, ulichoka ukaanza kwenda polepole. Mtambo ukaona amepumzika, ukamwongezea. Moyo ukasimama, akaanguka. Bangili ikamtetemesha, akainuka kuendelea, maana ghala zima halikuwa na mtu aliyetulia kama yeye. Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Hawakusema akishaufikisha apewe mwingine.

Msiba ulikaa siku tatu, kama ilivyo desturi, picha yake katikati ya maua meupe na jeneza tupu nyuma yake. Wenzake walikuja, wakaisujudia picha, wakanywa supu ya nyama yenye pilipili. Mwenyewe hakuweza kuja. Alikuwa zamu.

Binti yao, Garam, alitaka kuikata bangili kwa mkasi wa jikoni. Baba akamzuia. "Ukiikata, mwanangu, watasema nimeacha kazi mwenyewe. Kifo changu hakitakuwa tena juu yao."

Basi Sun-rye akaenda kwa Meneja Tak, mwenye kuzitunga kanuni.

"Meneja, badilisha kanuni hiyo moja tu. Moyo uliosimama uhesabiwe umesimama. Nataka kumzika mume wangu."

"Pole sana, Mama Garam. Lakini mtambo unajifunza wenyewe. Nikiugusa, kazi yote itayumba. Halafu Baba Garam hajawahi kuchapa kazi namna hii."

"Kwa sababu amekufa."

"Ndiyo, hilo tumeliona," alisema meneja, akamsindikiza kwa heshima hadi kwenye lifti. Wiki hiyohiyo kasi ya Chun-sik ikafanywa kipimo cha wote.

Jioni Chun-sik aliketi kwenye sakafu ya nyumbani inayopashwa joto kwa chini, ambayo haikumpasha tena. Sun-rye akamwekea wali, ingawa alijua hatakula.

"Umechoka, Baba Garam?"

"Nimechoka mpaka naona haya kusema."

Bangili ikatetemeka. Kwenye kioo chake paliandikwa: Umepumzika vya kutosha. Chun-sik akaenda mlangoni, akaingiza miguu kwenye viatu, akainama kuzifunga kamba. Vidole vilikuwa vimekakamaa, vikakataa kupinda. Sun-rye akapiga magoti mbele yake, akamfungia kamba mafundo mawilimawili, zisije zikamwangusha njiani.