Kosa Moja la Mama Kinyume

Kliniki ile ya miwani ilikuwa na wafanyakazi saba na jina moja la kuingilia kwenye kompyuta. Jina lilikuwa la mama mpokeaji wagonjwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo mezani siku hifadhidata ilipowekwa. Nenosiri lake lilibandikwa chini ya skrini kwa maandishi makubwa, hata mgonjwa aliyekuja kupimwa macho angeweza kulisoma. Kila aliyepita aliketi hapo akaandika vipimo, na kila kipimo, kizuri kwa kibaya, kilihifadhiwa kwa jina la mama wa watu.

Sasa, anayeandika vipimo hutazamana na mgonjwa. Jicho la kulia la mgonjwa liko upande wa mkono wake wa kushoto, na ukipitiwa kidogo tu, lenzi ya huku inakwenda kule. Mwaka ule ilirudishwa miwani thelathini na moja ya namna hiyo. Kila mara daktari alifungua rekodi, akasoma jina la aliyeandika, akatikisa kichwa. Wenzake wakambandika jina la Mama Kinyume. Alicheka nao, lakini msidhani halikumuuma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye alibeba ya watu sita.

Mwisho daktari akachoka. "Mama, ikirudi nyingine yenye jina lako, nakuhamishia stoo ya fremu."

Stoo! Huko hakuna wa kusema naye ila maboksi. Na yeye alipenda watu, hasa ile dakika mtu anapovaa miwani yake ya kwanza na kuanza kuikagua mikono yake mwenyewe. Akaomba jambo moja tu: mkwe wake, fundi wa hifadhidata, aje awape kila mtu jina lake la kuingilia. Daktari akakubali.

Mkwe alikuja Jumatatu na kompyuta yake begani.

"Kila mtu jina lake na nenosiri lake," akatangaza. "Herufi zisipungue kumi na mbili."

"Kumi na mbili?" akaguta mkata lenzi. "Kwani tunaandika barua ya posa?"

"Tena wewe utasoma vipimo tu. Kubadilisha huna ruhusa."

"Kwani nimeiba?"

"Hujaiba, kaka. Kazi yako haihitaji."

Ilipofika zamu yake, Mama Kinyume akajiweka sawa kitini. "Mimi, mkwe wangu, nipe ruhusa zote."

"Utasoma, utaandika, utasahihisha, mama. Kufuta, hapana. Na ukisahihisha, andiko la kwanza linabaki pamoja na jina la aliyeliandika."

"Unaninyima mimi, niliyekupa mke?"

Kijana akatazama sakafu kwa adabu zote za ukwe, lakini hakulegea. "Hata daktari simpi, mama."

Kisha akageukia ukuta ili mama aandike nenosiri lake. "Hata mimi sitalijua. Mashine yenyewe hailiweki lilivyo, inalisaga kwanza. Na unga haurudi kuwa nafaka."

Wote walipomaliza, akalifunga lile jina la zamani na kubandua karatasi chini ya skrini. Mama akaichana mwenyewe.

Wiki mbili zikapita. Miwani iliyorudishwa ilikusanywa kwenye trei hadi Ijumaa ya pili, siku ambayo daktari huikagua mbele ya wote. Safari hii ilikuwa mitano, yote kinyume. Daktari akaanza na ya fundi cherehani mmoja aliyelalamika kwamba uzi unakataa kuingia kwenye sindano. Akafungua rekodi.

Mama Kinyume aliliona jina kabla ya yeyote. Lilikuwa lake. Aliikumbuka vizuri siku ile, yeye na fundi cherehani walikuwa wakipiga soga kuhusu kola na pindo mpaka akasahau kulia na kushoto. Angeweza kusema mashine imekosea, au mkwe wake hajui kazi. Midomo ilishafunguka.

"Hili ni langu, daktari," akasema. "Nimekosea mimi."

Mkata lenzi akajitia hamnazo, akaikagua dari. Daktari akashusha pumzi. "Basi, mama, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana. Lakini malizia trei kwanza."

Akafungua ya pili. Nesi. Ya tatu. Nesi tena, naye akajificha nyuma ya mkono wake. Daktari akafungua ya nne, akakohoa. Akafungua ya tano, akavua miwani yake, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Jina halikubadilika. Zote mbili zilikuwa zake mwenyewe.

"Stoo yenyewe ndogo," akasema mkata lenzi. "Mtabanana."

Daktari ndiye aliyeanza kucheka, na akiisha kuanza yeye, nani angejizuia? Kisha akaamuru kiti cha mwandishi kihamishwe, kiwe ubavuni mwa mgonjwa, wote watazame upande mmoja. Habari ya stoo haikutajwa tena. Mama Kinyume akamwita fundi cherehani, akamwomba radhi, akamwandikia vipimo upya.

Jioni binti yake alishangaa kumwona akiingia nyumbani na meno yote nje.

"Vipi mama, kuna nini?"

"Nimekosea, mwanangu," akasema, akivua viatu. "Wiki mbili nzima, nimekosea mara moja tu!"