Kisanduku cha Tambarare

Mume wangu Osmund ni bingwa wa kulinda kilima kwa kutazama kwingine. Tangu apewe kile kituo cha kufuatilia mvua na maporomoko kando ya barabara ya Mbinga, taarifa zake zinasema udongo umetulia. Utaacha kutulia vipi? Kisanduku chake cha kupimia kusogea kwa udongo hakipo kwenye mteremko. Kiko chini, ng'ambo ya barabara, kwenye tambarare.

Siku ya uzinduzi mvua ilikuwa imenyesha, na mgeni rasmi alikuja na viatu vyeupe. Nani angempandisha kilimani kwenye matope? Basi kisanduku kikachimbiwa palepale penye turubai na viti, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa, tukala pilau. Baadaye pakajengwa jiwe lenye jina la mgeni. Tangu hapo, kila anayetaka kukihamisha anaonyeshwa lile jiwe, naye anakuwa mpole. Wataalamu na digrii zao wanapima uwanja wa sherehe, wanauita kilima.

Haya yote ningeyacheka, kama nyumba ya mama yangu isingekuwa chini ya kilima hichohicho.

Mwaka huu mvua za Machi hazikujua kupumzika. Juu ya shamba la mama la mihogo ardhi ikapasuka, ufa wa kumeza jembe na mpini wake. Majirani wakafungasha virago. Mama akakataa.

"Lidwina mwanangu, mwenye mashine ni mkwe wangu. Yeye anasema kilima kimetulia. Nikihama, si nitakuwa nimeiambia dunia nzima kwamba mkwe wangu mwongo?"

Nikarudi nyumbani Lizaboni, nikamkuta Osmund anakunywa chai. Nikamwambia aende akamweleze mama ukweli kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe akabishana naye," alisema. "Ni adabu. Nitamtuma mjomba Hironimus."

"Akaseme nini?"

"Achukue tahadhari."

Adabu gani hiyo, ya kumwonea haya mama mkwe akiwa hai halafu umzike kwa heshima? Nilimwambia hivyohivyo. Nikamwambia pia kwamba anachokilinda si adabu, ni kiti chake cha ofisini. Alinuna, lakini asubuhi tukaenda, na mjomba tukampitia.

Osmund alisimama barabarani, akaupa mlango mgongo kama mila inavyotaka, mvua ikimchuruzika shingoni, akaanza kumweleza mjomba habari za viwango vya unyevu. Mjomba akawa anaitikia tu, wala haelewi. Mama kasimama mlangoni, anatazama mgongo wa mkwewe. Nikashindwa kuvumilia.

"Sema, au nitasema mimi."

Akasema. Kwamba kisanduku kiko tambarare, kwamba hakijawahi kupima kilima hata siku moja, kwamba yeye alilijua hilo tangu siku ya utepe. Majirani waliokuwa wakipakia magodoro walisikia kila neno. Mama akaingia ndani, akatoka na vitenge vyake, sufuria na rozari. Akaja nasi Lizaboni.

Jumapili, tukiwa kanisani, kilima kikashuka. Kikachukua nyumba, mihogo na kipande kizima cha lami. Kisanduku, kwa taarifa yenu, hakikuhisi chochote. Osmund alikwenda kuona, akarudi ana matope mpaka magotini, kwa mara ya kwanza katika kazi yake. Nilimwonea huruma, kidogo.

Mama nilikuwa naye sebuleni. Kwetu mama mkwe hamtaji mkwe wake kwa jina. Ni "baba", ni "mkwe", mpaka kaburini. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kulisikia jina la mume wangu kinywani mwa mama. Osmund akasimama mlangoni, akainama, akatoa shikamoo yake kwa sauti ya chini.

Mama aliinuka, akamtazama usoni.

"Osmund," alisema, "nipishe nipite."