Patani ya Madam Kalekye

Ati zimekufa! Hivyo ndivyo fundi Thuo alivyomwambia mwenyekiti wa chuo kidogo cha ufundi pale Tulia siku ya Ijumaa, na hakuwa amefungua hata kompyuta moja. Zote kumi na mbili zilikuwa zikiwaka na kuishia kwenye skrini nyeusi, kwa sababu virusi vilikuwa vimeharibu Windows. Thuo alisema Jumamosi jioni angekuja na pikapu azibebe, halafu mwakani alete mpya. Mzee Kyule, mwenyekiti, akakubali palepale.

Na mtihani wa kompyuta ulikuwa Jumatatu. Bila mashine, wasichana kumi na wawili wangengoja mwaka mzima. Mwalimu wao, Kalekye, aliposema zinaweza kurudishwa, Mzee Kyule alimkumbusha mbele ya wanafunzi kwamba yeye ni mwalimu wa kushona, na somo la kompyuta alipewa tu kwa kukosa mtu. Maneno yale yalimkaa Kalekye rohoni.

Sasa, ni kweli Kalekye ni fundi cherehani. Na fundi cherehani mwenye akili zake hagusi kitambaa kabla ya kukata patani, kile kielelezo cha karatasi cha kufuatisha, na kuiweka vizuri. Ndiyo maana kompyuta zilipoletwa, zote za aina moja, alichukua moja akaipanga ikapangika, kisha akahifadhi nakala yake nzima kwenye diski ya nje. Akaiweka sandukuni pamoja na patani za sketi, nayo ikawa patani ya kompyuta. Hakuna aliyemtuma.

Shida ilikuwa kuirudisha hiyo nakala. Kompyuta isiyofika kwenye Windows haiwezi kusoma diski. Lazima kwanza iwashwe na flashi. Jumamosi asubuhi Kalekye aliazima laptop ya mwanafunzi wake Yvonne, akakopi mafaili ya kuwashia kompyuta kwenye flashi vile anavyokopi nyimbo za kwaya. Akaichomeka kwenye kompyuta moja. Wapi! Skrini nyeusi ileile. Alipandwa na hasira. Kisha akasoma upya maelezo yaliyokuja na mafaili hayo, polepole, akaona kosa lake: kukopi hakutoshi, flashi inaandikwa na programu maalum, na kila kilichomo kinafutwa. Nyimbo za kwaya akazihamishia kwenye laptop, akaiandika flashi upya. Akawasha kompyuta huku akibonyeza F12, akaiambia ianzie kwenye flashi.

Ikaamka. Akachomeka diski, akachagua nakala, na baada ya nusu saa mashine ikawa vile alivyoipanga ile ya kwanza. Kalekye alilia kidogo, na hakuona haya.

Zilizobaki hakuzigusa. Aliwaita wasichana, akaketi kando kama anavyoketi wakati wa kupima mshono. Kila mmoja kwa zamu aliifuta flashi ileile, akaitengeneza tangu mwanzo, akairudisha mashine, na wawili wa mwisho wakashirikiana moja. Aliyekosea alianza tena. Chakula cha mchana walikisahau.

Thuo alipoingia jioni na Mzee Kyule, kompyuta zote kumi na mbili zilikuwa zinafanya kazi. Thuo akauliza zimetengenezwa na nini, akaonyeshwa flashi. Akasema kitu kama hicho ni hatari mikononi mwa watu wasio na ujuzi, kinafaa kukaa na fundi. Mzee Kyule, asiyetaka kuonekana ameshindwa, akamwamuru Kalekye amkabidhi.

Kalekye aliichomoa flashi akaiweka mkononi mwa Thuo.

"Chukua, fundi. Wasichana hawa wote wanajua kuitengeneza. Patani iko sandukuni kwangu na haitoki. Na wewe Mzee, nakuheshimu, lakini hapa hakibebwi kitu. Jumatatu tuna mtihani."

Mzee Kyule akamfungulia Thuo mlango. Thuo alitoka bila kuaga, na pikapu ikaondoka tupu.

Kabla haijafika barabarani, Mbinya, mdogo kuliko wote darasani, alikuwa ameshatoa flashi yake mfukoni, anauliza kama aifute atengeneze nyingine.