Dalia Kutoka Bungoma

Nakhumicha alipenda maua kuliko mtu yeyote mtaani kwao Bungoma. Watu walielekezana njia kwa maua yake: ukifika penye dalia nyekundu, kata kushoto. Lakini mwaka jana alianza kusahau. Kwanza yalipotea majina ya watu, kisha sufuria zikaanza kuungua motoni. Siku alipokutwa akitembea peku kwenye barabara ya kwenda Kamukuywa, binti yake Nangila alikwenda kumchukua, akaja kuishi naye Kitale.

Nangila ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko barazani, kwa hiyo hushona huku akimwangalia mama. Mama alimwita Sista, akidhani yuko hospitalini na huyu ni muuguzi wake.

"Sista, nitaruhusiwa lini kwenda nyumbani?"

Mwanzoni Nangila alijibu, "Mama, ni mimi, Nangila." Baadaye alichoka, akawa anasema tu, "Daktari bado hajafika."

Mvua zilipokaribia, akawaza kwamba pengine yale maua yangemkumbusha mama kitu. Akaenda Bungoma. Alimkuta kaka yake, Sifuna, akijiandaa kulima ua wote.

"Beba zote," Sifuna akasema. "Mimi napanda mahindi hapa."

Akarudi na gunia la mizizi ya dalia, minene kama viazi vitamu. Akaipanda mbele ya nyumba, mama akiwa ameketi kwenye kigoda akitazama.

Machipukizi yalipotokeza, Nangila alijikuta akiamka na hamu ya kutoka nje. Alikuwa na miezi mingi bila kuamka hivyo.

Asubuhi moja alikuwa ndani akimpima mteja gauni. Alipotoka, tuta lote lilikuwa limefukuliwa. Mama alikuwa kando ya jiko, sufuria ikitokota.

"Sista, kaa ule. Viazi vinakaribia kuiva."

"Mama! Umefanya nini?"

Mama akaficha mikono ndani ya leso kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nangila akaketi chini palepale, akalia. Baada ya muda akahisi mkono wenye udongo begani mwake.

"Usilie," mama akamwambia. "Vitatutosha wote."

Jirani yao, Nduta, alisikia kelele akaja hadi kwenye ua wa miti. "Si utapanda zingine?"

"Nitatoa wapi? Sifuna ashalima kote."

Nduta akamtazama yule mama. "Lakini ona uso wake, bana. Tangu aje sijamwona hivi."

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa anatoka jasho, macho yamechangamka. Usiku huo alilala bila kuzungukazunguka nyumbani akijaribu milango.

Basi Nangila akanunua mbegu za maua, zile za bei rahisi, akapanda. Mama aking'oa, anapanda tena. Hakuitumainia bustani. Alipenda tu ile saa moja ya asubuhi, wote wawili wamepiga magoti kwenye udongo, mama akivumisha nyimbo za kanisani ambazo maneno yake yalikuwa yamemtoka.

Mche mmoja ulisalimika karibu na ukuta, ukatoa ua la manjano. Mama akaliinamia kwa muda mrefu.

"Msichana wangu anapenda hii rangi."

Nangila akaacha kupalilia. "Anaitwa nani?"

Mama alifikiri, midomo ikitafuta, ikakosa. "Ameenda shule," akasema mwishowe. "Atarudi jioni."

Nangila alitaka kumwambia kwamba amesharudi, yuko hapa.

Mama akaushika ule mche shinani, akaung'oa wote na mizizi yake, akamkabidhi.

"Mshikie, Sista. Mimi nitasahau."

Nangila akaupokea kwa mikono miwili.