Kobe Aliyeanikwa Kama Mahindi

Kabla hujaniitia askari, kibali cha kufuga kobe tunacho. Kiko sebuleni, hapa Mbumbuni, kwenye fremu nzuri kuliko ya picha yetu ya harusi. Kobe ni wa mume wangu, Nyamai. Mimi kazi yangu ni kuongea tu.

Nyamai amefanya biashara ya mahindi maisha yake yote. Watoto wetu amewasomesha, hilo simnyimi, lakini kumbeba hata mmoja? Thubutu! Aliwasalimia kutoka mlangoni kama mkaguzi wa shule. Sasa amestaafu, amepata kobe anayetosha kiganjani, na mzee mzima anamwimbia nyimbo za kanisani. Niliona wivu, nikacheka, nikaona wivu tena. Lakini nilimwombea kobe huyo aishi, maana kwa mara ya kwanza nilimwona huyu mtu akipenda kitu bila kuona haya.

Shida ni kwamba alimlea kama gunia. Huku kwetu mahindi yakishika unyevu yanaingia sumu kuvu, na sumu kuvu imetuzikisha watu. Kwa hiyo kwa Nyamai, unyevu ni Shetani mwenyewe. Alimjengea kobe sanduku juu ya mawe, akatandika gunia kavu, akalianika juani kutwa. Kisha, Mungu nisamehe, akampaka majivu.

"Baba Muthoki, majivu ya nini?"

"Ya kuzuia dumuzi wasimtoboe," akasema, bila kutabasamu.

Maji alimpa kwenye kifuniko cha soda. Eti kobe wa Ukambani amezaliwa akijua ukame.

Gamba likaanza kuota vinundu. Kobe akaacha kula, macho yakabonyea. Mchungaji Mbithi alipita kunywa chai, akaviona, akakemea pepo wa pembe mpaka chai ikapoa. Vinundu havikuokoka.

Nyamai akaacha kuimba. Alikaa kando ya sanduku akaniuliza, "Akifa, nitaongea na nani?" Mimi niko hapo hapo, jamani! Lakini swali lilinichoma. Nikamwita Gakenia, daktari wa mifugo kutoka Sultan Hamud, mwanamke asiyebembeleza mtu.

Gakenia akafuta majivu kwa kidole. "Mnataka kumpeleka posho mill akasagwe?"

Akatueleza kwamba mtoto wa kobe porini hujificha chini ya nyasi, penye udongo wenye unyevu. Hewa kavu kutwa ndiyo inayomharibu gamba anapokua. Sanduku liwe na jua upande mmoja, na upande mwingine kivuli na pango. Udongo ulowe chini, juu usiwe tope. Kila asubuhi akae kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yasimpite kidevu.

"Na kuvu je?" Nyamai akauliza.

"Acha hewa ipite. Mzee, huyu si mahindi. Huyu anakunywa."

"Na vinundu vitaisha?"

"Hivyo ni vyake mpaka kufa. Lakini gamba jipya litatoka laini."

Gakenia alipoondoka, Nyamai aliushika mtungi akasimama tu. Maji yetu yanaletwa na punda kutoka mtoni, na mtu wa ghala kulowesha mali yake kwa mkono wake ni kama kukana imani. Kisha akamwaga sandukuni. Alilia waziwazi.

Asubuhi moja kobe akauma jani la dungusi, akatafuna, akameza. Nyamai akapiga yowe, majirani wakadhani tumepata msiba. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni simu ilipolia: ni Muthoki, kifungua mimba wetu, ambaye ameolewa Migwani na amejifungua mwezi uliopita. Nikaweka simu sauti ya juu.

"Baba yuko wapi?"

"Anaogesha mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa kobe."

Kisha akasema, "Mama, mimi aliwahi kuniogesha?"

Ningeweza kudanganya, uongo naujua. Lakini mzee alikuwa amesikia. Akaisogelea simu, maji yakimtiririka kwenye viwiko.

"Hapana," akasema. "Sikukuogesha. Niliogopa nitakuvunja."

Muthoki akaanza kulia. Nyamai akangoja, kobe mkononi.

"Huyo mchanga wako, kitovu kimeanguka?"

"Kitambo, Baba."

"Basi mlete. Nitanunua beseni lingine."