Madole Gumba Ukutani

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla jogoo hajawika, Makrina alisikia kata ikikwangua kitako cha mtungi. Hakuuliza. Goreti, binti yake wa miaka mitano, alikuwa akitafuta maji ambayo hayakuwapo.

"Acha, mwanangu. Kukicha tutakwenda mtoni."

Mtoni! Na kisima kiko hatua mia mbili tu kutoka mlangoni! Hasira ikampanda tena, ile ile ya siku tano sasa.

Shirika la maji lilipochimba kisima hicho na kujenga kioski cha kuchotea hapo Likunja, lilipaka ukuta mmoja rangi nyeusi kama ubao wa darasani, likaning'iniza kopo la chaki na kuandika juu: ANDIKA SHIDA YAKO, TUTAKUJIBU. Watu waliandika koki inavuja. Wakajibiwa, koki ikatengenezwa. Wakafika mahali pa kusema, "Kama haliko ukutani, huo ni umbea."

Masika hii maji yakaanza kunuka. Watoto wakaharisha. Goreti alilala zahanati siku nne na dripu mkononi. Akina mama wengi hawakujua kuandika, basi wakamfuata Makrina aliyesoma darasa la jioni. Akawaandikia: MAJI YANANUKA. WATOTO WETU WANAUMWA. Kila mama akachovya dole gumba kwenye uji mzito wa unga wa muhogo, akaligandamiza chini ya maneno yale. Madole thelathini na moja.

Hawakujibiwa. Siku tano zilizopita, wafadhili walipokaribia kuja, ukuta ulipigwa maji na brashi mpaka ukang'aa. Tangu hapo watu wakakiacha kisima, wakawa wanachota mtoni.

Asubuhi hiyo Eustakio, bwana wa shirika kutoka Ruangwa mjini, aliwaita watu kwenye kioski. Wakaja na ndoo zao za kwendea mtoni, Makrina akiwa na Goreti ubavuni.

"Ndugu zangu, kisima tumekisafisha, dawa tumeweka, maji tumepima. Ni salama kabisa. Mbona mnakwenda kuchota madimbwi?"

"Mlipima lini?" Makrina akauliza.

"Juzi. Karatasi hii hapa."

Bi Mwamina, jirani yake Makrina, akacheka kicheko kikavu. "Baba, aliyeweza kufuta dole langu atashindwa kuandika karatasi?"

Watu wakaangua kicheko. Eustakio akafuta jasho.

"Bibi, nilifuta maandishi, sikufuta kisima! Wageni walikuwa njiani. Ningewaonyesha ukuta mchafu?"

"Mchafu?" Makrina akamsogelea. "Kaka Eustakio, ninyi ndio mlituambia tuseme. Tukasema. Bi Mwamina hajapata kumwandikia mkubwa yeyote tangu azaliwe. Lile dole ndiyo barua yake ya kwanza, nawe ukaisugua kwa brashi ya choo! Ungeandika chini yake 'tumesikia, tunatengeneza', maneno mawili tu, leo tungekuwa tunakunywa!"

"Mwambie!" sauti ikatoka nyuma. "Mwambie huyo!"

Makrina alichukua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa na muhuri na tarehe. Kilichomchoma zaidi ni kwamba huenda ilikuwa kweli. Huenda maji yalikuwa safi, na yeye angembeba mwanawe kumpitisha hapo, akamnyweshe tope la mtoni. Angejuaje? Zamani angetazama ukuta tu. Sasa ukuta ulikuwa mweusi tititi, hausemi lolote, na mtu huyu alikuwa ameung'arisha kwa mikono yake mwenyewe. Akamrudishia karatasi kama mtu anayerudisha kitu kilichooza.

Eustakio akafungua koki, akajaza kikombe cha bati mpaka kikafurika. Akachuchumaa mbele ya Goreti, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Wakubwa wana fitina, mtoto hana. Chukua, mchumba wangu, uwaonyeshe."

Makrina alitaka kumvuta mwanawe, akataka pia amwache anywe. Mkono ukabaki hewani. Goreti alikitazama kikombe kwa muda mrefu, akameza mate, akaficha mikono yote miwili mgongoni.

"Kunywa wewe kwanza."