Marahaba za Sikudhani

Asubuhi ya Jumatatu, Abdulrazaki alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yake ya kukamua alizeti pale Nkuhungu, akikwangua mashudu yaliyogandia kwenye chujio, binti yake alipopita akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Bila kuinua kichwa akamwambia, "Shikamoo, mama." Sikudhani akajibu, "Marahaba, mwanangu," akaruka dimbwi dogo la mafuta na kumfuata mama yake stendi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa anakwenda kusailiwa chuo kikuu.

Maamkizi yale yalikuwa ya kawaida pale nyumbani. Mtoto alipewa jina la mama yake Abdulrazaki, Bi Sikudhani wa kijiji cha Busi, na katika ukoo ule aliyepewa jina la bibi hupewa na cheo chake. Baba alimwita mama. Nasma, mama yake mzazi, alimwita mama mkwe, hasa siku alizotaka kumtuma dukani. Ulikuwa utani tu, na shikamoo ya utani ni nyepesi, haimwongezei mtu chochote.

Kichwa cha mtoto ndicho kilichokuwa kizito. Namba alizijua kwenye futi kamba ya Nasma, aliyekuwa fundi cherehani, kabla hajajua kufunga vifungo vyake mwenyewe. Walimu walimrusha madarasa mpaka wakaishiwa madarasa ya kumrushia. Mitihani ya kidato cha nne na cha sita aliifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, amekaa katikati ya watu wazima waliomwomba awashikie simu zao mlangoni. Sasa kilibaki Chuo Kikuu cha Hisabati kule Kongwa, kilichojengwa kwenye ardhi ambayo zamani Waingereza walitaka kuotesha karanga, karanga zikakataa. Chuo nacho kilikuwa na tabia ya ardhi ile: wengi walipandwa, wachache wakaota.

Jopo lilikuwa la maprofesa watano. Mwenyekiti wao, Profesa Bashiri, alikuwa mtu wa kuongea taratibu ili maneno yake yapate muda wa kuheshimiwa. Swali la kwanza alilomuuliza Sikudhani ni amekuja na nani. Akaambiwa na mama, yuko nje. Mama akaitwa, akaulizwa kama mtoto anakula vizuri. Ndipo, kwa adabu tu, mtoto naye akaulizwa kwa nini namba haigawanyiki kwa sifuri.

Sikudhani akasema kwamba ukiwa na maandazi sita na hakuna mtu hata mmoja wa kumgawia, huwezi kuuliza kila mtu kapata mangapi. Maandazi hayana kosa na kugawa hakuna kosa, ila swali lenyewe halina mtu wa kulipokea.

Wakacheka kwa upendo. Profesa mmoja akapiga makofi. Profesa Bashiri akafungua droo, akampa pipi ya kifua.

"Umekariri vizuri sana, mwanangu," akasema. "Ukikomaa, urudi."

Sikudhani akauliza huko kukomaa kunapimwaje, maana kwenye sifa za kujiunga hakuona umri wowote ulioandikwa.

"Hakupimwi," akajibu profesa. "Kunaonekana."

Alilia kutoka Kongwa hadi Mbande. Pale Mbande akamenya ile pipi akaila, kwa sababu pipi haikuwa na kosa.

Dirisha la awamu ya pili ya maombi lilikuwa bado halijafungwa. Abdulrazaki akaona mtoto akapumzike kwanza kwa bibi yake, akampeleka Busi, akageuza siku ileile kurudi kwenye mashine. Bi Sikudhani alikuwa uani anapepeta uwele. Alisikiliza habari yote bila kuweka ungo chini, kisha akauliza jambo moja tu: hicho chuo anakitaka kweli, au ni baba yake ndiye anayekitaka?

"Nakitaka mimi, bibi," akasema Sikudhani. "Nilichofundishwa nimekimaliza. Kule ndiko wanakofundisha kinachofuata."

Bibi akaweka ungo chini. Akasema kama wale watu wanataka ukubwa, basi yeye anao mwingi kuliko anavyouhitaji, na ule ulioko kwenye goti la kushoto hautaki kabisa. Akajifunga khanga vizuri, akainama mbele ya mjukuu wake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Safari hii hakuwa anatania.

"Shikamoo, mama."

Mtoto akaona haya, akatazama chini. Bibi akamhimiza ajibu, akisema salamu isiyoitikiwa hubaki imening'inia ndani ya nyumba na watu wakaigonga vichwa.

"Marahaba," akasema Sikudhani.

Mikono ya shati lake ikapanda hadi kwenye viwiko, sketi ikawa fupi, na sauti ikashuka kidogo. Kwa kumtazama ungemkadiria miaka ishirini na kitu. Bi Sikudhani akanyooka bila kushika ukuta, akajaribu goti mara moja, mara mbili, kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji mwenyewe.

Ishirini na kitu ingetosha. Lakini kule bombani bibi alikutana na jirani yake Mwamvua, na Mwamvua alikuwa na macho. Swala ya alasiri ilipokwisha ua ulikuwa umejaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na Busi nzima ilikuwa na cha kuponya. Hakuna aliyeuliza jambo lile linawezekanaje. Waliuliza kama foleni itasimama wakati wa magharibi. Mzee Swedi aliamkia, akaitikiwa, akaondoka akiisahau bakora yake kwenye ukuta wa ghala. Mama mmoja aliamkia kwa bidii mno, akarudi nyumbani kigoli. Mumewe akaja kulalamika, akatazama foleni, akaingia mwishoni.

Sikudhani angeweza kukataa, lakini alilelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri haachi salamu ya mtu ikaanguka chini. Kila aliyeinama alimwitikia. Jua lilipozama alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwenye mvi safi na mgongo unaolalamika, amekaa kwenye kigoda cha bibi yake kwa sababu kusimama kulikuwa kazi. Akaogopa. Juzi alikuwa mdogo mno. Kesho wangeweza kumwambia amepitiliza, na hapo hapangekuwa tena na mahali pa kurudi ila Nkuhungu kukwangua mashudu. Akamwambia bibi yake hofu hiyo.

"Si walisema kunaonekana?" akasema bibi, ambaye sasa alikuwa anakaa chini kama watoto, miguu ameikunja upande. "Wataona hata kabla hujashuka kwenye basi."

Abdulrazaki alipokuja kumchukua alimkuta mlangoni, akiwa ndiye mama yake kabisa, kilemba na kila kitu. Shikamoo ikamtoka kabla hajakumbuka kuitia utani, na upara wake ukajaa nywele. Alifurahi. Njia nzima alikuwa anajitazama kwenye kioo cha basi. Nyumbani, Nasma alitoa futi kamba, akampima binti yake upya, akamshonea gauni la kitenge la heshima. Alisema tu kwamba kiuno kile ni cha mama mkwe kabisa, na hicho kilikuwa kitu alichokitegemea siku yoyote.

Kwenye geti la chuo alikuwapo askari aliyeitwa Henry, yuleyule aliyemwambia mara ya kwanza kwamba watoto wanaosubiri wazazi hukaa kwenye benchi la nje. Safari hii alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Henry akasikia mgongo wake uliomsumbua tangu masika ukimwachia, akafungua lile geti kubwa la magari ili mama asilazimike kuinama kwenye kigeti.

Jopo zima lilisimama. Profesa Bashiri mwenyewe akamvutia kiti. Wakamwamkia mmoja mmoja, kwa heshima ya kweli, na kila alipoitikia ilimbidi ashike meza. Wakati wa kukaa, ndevu za Profesa Bashiri zilikuwa nyeusi tii, na Sikudhani alikuwa mzee wa kusaidiwa kuinua glasi ya maji. Profesa akafungua cheti cha kuzaliwa, akasoma kwamba mwombaji ana miaka kumi na mitatu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wazee wetu hawakuandikwa vizuri," akawaambia wenzake, akakifunga.

Hakuna aliyeuliza kama anakula vizuri. Akaulizwa, kwa unyenyekevu, kama angependa kusema neno lolote kuhusu kugawa kwa sifuri. Sikudhani akasema kwamba ukiwa na maandazi sita na hakuna mtu hata mmoja wa kumgawia, huwezi kuuliza kila mtu kapata mangapi. Maandazi hayana kosa na kugawa hakuna kosa, ila swali lenyewe halina mtu wa kulipokea.

Nje ng'ombe wa ranchi ya jirani walisikika. Profesa aliyepiga makofi mara ya kwanza akavua miwani akaifuta, kisha akafuta na macho.

"Penye wazee haliharibiki neno," akasema Profesa Bashiri.

Sikudhani hakutaka kudanganya mtu. Akawaambia ni yeye yuleyule wa awamu ya kwanza, na jibu ni lilelile, hajabadilisha hata andazi moja.

"Ndiyo tofauti yenyewe, mama," profesa akamjibu kwa upole. "Yule mtoto alilisema. Wewe unalijua."

Alipata nafasi palepale. Alitoka nje na furaha imemjaa, na chini ya furaha palikuwa na hasira, na hasira ilikuwa ndogo lakini haikuondoka hata alipoinywea soda. Nasma alimkumbatia kwa uangalifu, akihofia mifupa.

Umri ule haukumkaa sana. Chuoni palikuwa na desturi: mwalimu akiingia, darasa husimama kumwamkia. Wenzake waliamkia kwa haraka huku wakitafuta kalamu, shikamoo zao zikaanguka hukohuko kwenye madawati. Sikudhani aliinama akaamkia kwa moyo, kama alivyofundishwa, na maprofesa wakaitikia kwa raha, "Marahaba, marahaba," wakachukua kila walichopewa. Wiki haikuisha, gauni la kitenge likawa linaburuza chini, na yeye amerudi kwenye miaka yake kumi na mitatu.

Hilo nalo halikumpa mtu taabu. Kila asubuhi Henry na mama wa jikoni walimsubiri getini wamwamkie, kila mmoja kwa maumivu yake, naye akaingia darasani mtu mzima. Kipindi hadi kipindi aliwagawia maprofesa. Jioni alikuwa mtoto tena, akicheza rede nyuma ya mabweni na watoto wa wafanyakazi, na kwa kukwepa mpira hakuwa na mpinzani. Henry alisajiliwa na timu ya mpira ya Kongwa mjini, namba saba. Maprofesa walizeeka vizuri mwaka ule, wakapandishwa vyeo. Profesa Bashiri alinunua fimbo yenye kichwa cha shaba na akaanza kualikwa kwenye vikao ambavyo zamani alivisikia kwa jirani.

Nasma alimshauri aamkie kijuujuu kama wenzake, ili umri umkae hadi jioni. Sikudhani alijaribu siku moja, akashindwa. Mdomo ulikubali, shingo ikainama yenyewe. Tena, magoti ya utu uzima hayakumfurahisha, na kinachofuata alikuwa anafundishwa kama alivyotaka, kizuri kuliko hata alivyodhani. Usiku alikuwa analala na namba mpya kichwani anacheka peke yake.

Alhamisi moja, kipindi cha mwisho, Profesa Bashiri aliandika ubaoni swali lililojaa ubao mzima, akageuka na kuuliza nani ana njia ya kulitatua. Sikudhani alikuwa ameshaamkia siku nzima na mikono ya gauni ilimfika vidoleni. Akaikunja, akanyoosha mkono. Profesa akatazama juu ya mkono ule, kwenye ukuta wa nyuma, akangoja.

"Hakuna?" akauliza.

Mkono ulibaki juu mpaka ukachoka, akaushikilia kwa ule mwingine. Profesa akafuta chaki vidoleni, akasema basi, litangoja kesho.

Kesho yake asubuhi, Henry akiwa ameshamwamkia, na mama wa jikoni, na mwenye mkokoteni wa kuni aliyepita kwa bahati nzuri akiwa na kiuno kibovu, Sikudhani alisimama mbele ya ubao uleule na kueleza njia yake kwa sauti ya mtu mzima. Ilikuwa fupi na nyoofu. Profesa Bashiri aliegemea fimbo yake akasikiliza hadi mwisho.

"Andikeni," akaliambia darasa, "na mjifunze kuwasikiliza wakubwa."

Darasa likaandika. Kengele ikalia, akaingia mwalimu wa kipindi cha pili, watu wakasimama. Sikudhani akainama akamwamkia kwa moyo, akaitikiwa, mikono ya gauni ikamshuka hadi vidoleni. Swali la kwanza lilipoulizwa alikuwa ameshaikunja. Mkono wake ulikuwa juu, na mwalimu alikuwa anatazama ukuta.